Mtoto wa Sikio Moja: Hatua za Kufuata Kabla na Baada ya Kupandikizwa Koklea

Mtoto anayesikia kwa sikio moja huwadanganya watu bila kukusudia. Ukimwita, anaitika. Anaimba, anagombana na wenzake, anaongea na simu, ili mradi aiweke upande anaoutaka yeye. Ndiyo maana wazazi wengi huligundua jambo hili kwa bahati tu. Mtoto kafika miaka mitano, kapewa simu aongee na bibi, mkono wa kulia umeshika kitu, basi anaiweka sikio la kushoto. Anasubiri kidogo, halafu anairudisha: “Imekatika.” Wala haijakatika.

Sikio zima ndilo linaloficha. Linaficha tatizo nyumbani, linaharibu vipimo visipofanywa kwa uangalifu, na hata baada ya upasuaji linaweza kuficha kwamba kifaa kilichowekwa upande wa pili kimekaa bure. Ukisoma hatua hizi utaona jambo moja linajirudia: kila mara lazima itafutwe namna ya kuliweka sikio zima kando, ndipo ukweli wa lile jingine uonekane.

Kwanza tuelewane kuhusu kifaa chenyewe. Koklea ni kiungo kidogo ndani kabisa ya sikio, kimejiviringa mithili ya konokono. Kazi yake ni kugeuza mtikisiko wa sauti kuwa ishara za umeme zinazosafiri kwenye neva ya kusikia hadi kwenye ubongo. Kifaa cha kawaida cha kusaidia kusikia, kile ambacho wengine hukiita shimesikio, hukuza sauti tu; koklea ikiwa imekufa, kukuza sauti ni kumpigia kelele mtu ambaye hayumo chumbani. Koklea ya kupandikizwa haihangaiki na kukuza. Sehemu yake ya nje huvaliwa nyuma ya sikio au juu ya kichwa; hiyo hunasa sauti kwa maikrofoni, huichambua na kuirusha kupitia ngozi. Ndani, chini ya ngozi, kuna kipokezi chenye uzi mwembamba wa elektrodi, yaani vinundu vya kupitishia umeme, ulioingizwa ndani ya koklea, na uzi huo ndio unaoichokoza neva kwa umeme. Sumaku ndiyo inayoishikilia sehemu ya nje mahali pake.

Utasikia watu wakisema, “Sikio moja linatosha.” Hata madaktari walisema hivyo kwa miongo mingi: mkalisheni mbele darasani, basi. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Fred Bess na Anne Marie Tharpe, walichapisha matokeo yao kuhusu watoto wa aina hii, na asilimia 35 kati ya hao watoto walikuwa wamerudia darasa angalau mara moja. Mwaka 2010 Judith Lieu na wenzake wakawalinganisha watoto wa sikio moja na ndugu zao wa damu wanaosikia vizuri, wakakuta wako nyuma kwenye lugha ya kuongea. Si kwamba hawana akili. Kichwa chenyewe ni ukuta: mtu akikusemesha upande usiosikia, sauti kali zile nyembamba kama “s” na “f” hufika upande wa pili zimefifia. Na ili ujue sauti inatoka wapi, ubongo hulinganisha wakati ambao imefika kila sikio, tofauti isiyofikia hata elfu moja ya sekunde. Mwenye sikio moja hana cha kulinganisha. Honi ikipigwa kushoto, yeye anageuka kulia. Jioni anarudi nyumbani amechoka kuliko wenzake, kwa sababu kutwa nzima alikuwa anakaza kusikia.

Hata hivyo, si kila mtoto wa sikio moja anafaa kupandikizwa, na wapo ambao jibu sahihi kwao ni hapana. Hatua nne za mwanzo ni za kulitafuta jibu hilo.

Hatua ya 1: Pata kipimo kinachotenganisha masikio

Mtoto mdogo akiwekwa kwenye chumba cha vipimo na sauti zikatolewa kwenye spika, atageuka, atatabasamu, na utaambiwa anasikia. Ni kweli anasikia. Kwa sikio moja. Kipimo cha spika hakiwezi kukuambia chochote kuhusu kila sikio peke yake. Ukipewa cheti cha kipimo cha namna hiyo, usikikatae, ila usikitegemee.

Unachotaka ni kipimo cha kila sikio. Kwa mtoto mchanga kuna ABR: anabandikwa elektrodi kichwani akiwa amelala, anawekewa sauti sikio moja baada ya jingine, na mashine inasoma jinsi neva na shina la ubongo vinavyoitikia. Kipo pia kile cha haraka cha kuingiza kizibo laini kinachosikiliza mwangwi wa koklea. Hicho ni kizuri kwa uchunguzi wa kwanza, lakini kina tundu: koklea inaweza kutoa mwangwi mzuri ilhali neva inayopeleka habari kwenye ubongo haipo au haifanyi kazi. Mwangwi ukiwa mzuri na ABR ikawa mbaya, usipumue bado.

Kwa mtoto mkubwa anayevaa hedifoni, uliza swali moja: “Sikio la pili lilizibwa kwa kelele wakati wa kupima?” Sauti ikiwa kubwa hupita kwenye mifupa ya fuvu na kusikika upande wa pili. Kwa hiyo sikio lililokufa kabisa linaweza kuonekana kwenye karatasi kama linasikia kwenye desibeli 50 au 60 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti; namba ikipanda, sikio linahitaji sauti kubwa zaidi ndipo lisikie), kumbe aliyesikia ni jirani yake. Tofauti hiyo si ndogo. Desibeli 60 mtu hupewa kifaa cha kawaida akaenda zake. Kuanzia 90 hivi ndipo mazungumzo ya kupandikiza koklea huanza.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo, na ukitafute mapema

Hapa wazazi wengi hukata tamaa haraka: “Kuzaliwa kazaliwa hivyo, sababu ya nini?” Sababu ina kazi mbili: inaonyesha kama sikio zima nalo liko hatarini, na inaonyesha una muda kiasi gani.

Kuna kirusi cha saitomegalo, kwa kifupi CMV, ambacho mama anaweza kumwambukiza mtoto tumboni bila yeye mwenyewe kuugua. Ni miongoni mwa sababu kubwa za watoto kupoteza kusikia bila kurithi. Ubaya wake ni kwamba usikivu unaweza kuendelea kushuka baada ya kuzaliwa, na hata sikio zima likaanza kushuka baadaye. Ili kuthibitisha kwamba mtoto alizaliwa nacho, mate au mkojo hupimwa ndani ya siku 21 za mwanzo. Baada ya hapo huwezi kujua kama alizaliwa nacho au alikipata akiwa amekwishazaliwa, isipokuwa kama kuna tone la damu lililokaushwa kwenye karatasi tangu alipozaliwa. Kwa hiyo kichanga akifeli kipimo cha usikivu hata sikio moja tu, uliza kuhusu CMV siku hiyo hiyo.

Homa ya uti wa mgongo ndiyo yenye haraka kuliko zote. Baada ya ugonjwa, ndani ya koklea panaweza kuanza kuota mfupa, na ukishajaa, uzi wa elektrodi hauna pa kupita. Mtoto aliyetoka kuugua homa ya uti wa mgongo na sikio likazima apigwe picha na aonwe na timu ya upandikizaji ndani ya wiki, si miezi.

Kuna matumbwitumbwi, ambayo mara nyingi huua sikio moja tu na kuliacha la pili. Kuna kuvunjika mfupa wa fuvu karibu na sikio. Na kuna watoto waliozaliwa na mfereji mpana kuliko kawaida kwenye sikio la ndani; hao hata pigo dogo la kichwa linaweza kuwashusha usikivu, na hapo utaambiwa upunguze michezo ya kugongana vichwa.

Hatua ya 3: Omba uonyeshwe neva kwa macho yako

Hatua hii ndiyo inayoamua mengi, na ndiyo watu huipitia haraka. Koklea ya kupandikizwa inaichokoza neva. Kama neva haipo, hakuna cha kuchokoza. Na kati ya watoto waliozaliwa na sikio moja lisilosikia kabisa, wenye neva nyembamba mno au wasio nayo ni wengi kuliko watu wanavyodhani. Kipimo cha kuiona ni MRI, mashine inayopiga picha kwa sumaku. CT, inayotumia eksirei, huonyesha mifupa na umbo la koklea vizuri, ila neva yenyewe haionyeshi. Mtoto mdogo itabidi alazwe kwa dawa ili atulie ndani ya mashine.

Majibu yakitoka, usiridhike na sentensi moja ya ripoti. Mwombe daktari afungue picha iliyokata mfereji wa sikio la ndani, ule ambamo neva hupita, kwa upana. Kwenye sikio zima utaona nukta nne ndani ya duara jeupe: juu kwa mbele ni neva ya uso, chini kwa mbele ni neva ya kusikia, na mbili za nyuma ni za usawa wa mwili. Halafu aonyeshe upande wa pili. Nukta ya chini kwa mbele ipo? Ni nene kama mwenzake, au ni kivuli tu? Huhitaji udaktari kuona nukta tatu mahali panapotakiwa kuwa na nne.

Neva ikikosekana, kupandikiza koklea hakutamsaidia, na daktari anayekuambia hivyo waziwazi amekutendea wema. Ikiwa nyembamba, matokeo hayatabiriki na mara nyingi ni hafifu; hapo ni mazungumzo marefu, wala si ya kukimbiza.

Hatua ya 4: Hesabu muda sikio limekaa kimya

Ubongo hauachi chumba kitupu. Mtoto akizaliwa na sikio moja, sehemu za ubongo zilizokuwa zisikilize masikio yote mawili huegemea upande unaoleta habari. Kadiri miaka inavyopita ndivyo inavyokuwa vigumu kuuambia ubongo kwamba sasa kuna mgeni upande wa pili. Kwa aliyezaliwa hivyo, timu nyingi hupenda kupandikiza katika miaka mitatu hivi ya mwanzo. Kijana wa miaka 14 aliyezaliwa na sikio moja ana nafasi ndogo ya kufaidika. Wengi wa umri huo hukiacha kifaa. Lakini kijana huyo huyo akiwa amepoteza sikio mwaka jana kwa ajali, hesabu ni nyingine kabisa, kwa sababu ubongo wake uliwahi kusikiliza kwa masikio mawili na bado unakumbuka.

Kuna mgongano hapa ambao mzazi anapaswa kuujua. Mwezi Julai 2019 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, iliidhinisha kwa mara ya kwanza koklea ya kupandikizwa kwa wenye sikio moja lisilosikia, kuanzia umri wa miaka 5. Kabla ya hapo madaktari, hasa wa Ulaya, walikuwa wamekwishaanza. Timu ya Antwerp, Ubelgiji, ilichapisha mwaka 2008 matokeo ya watu wazima wenye sikio moja waliokuwa wakisumbuliwa na mlio mkali sikioni. Sasa, kwa aliyezaliwa hivyo, miaka 5 ni kuchelewa. Ndiyo maana unaweza kukutana na daktari anayepandikiza mapema kuliko kibali hicho cha 2019 kilivyosema, na mwingine anayekataa katakata. Waulize wote wawili sababu zao.

Hatua ya 5: Jaribu njia zisizo za kisu

Kabla ya upasuaji mtoto hupewa nafasi ya kujaribu vifaa vingine. Kibali cha 2019 chenyewe kilitaka jaribio la mwezi mmoja angalau. Usilifanye kama la kutimiza wajibu.

Kimoja kinaitwa CROS: kimaikrofoni huvaliwa upande usiosikia, nacho hurusha sauti kwenda kwenye sikio zima. Kingine hutikisa mfupa wa fuvu, na kwa watoto wadogo hufungwa kwa mkanda laini kichwani. Vyote viwili hupeleka sauti kwenye sikio lile lile zima. Mtoto atasikia aliyekaa upande wake mbaya, lakini bado hatajua sauti imetoka wapi, maana anayesikiliza ni yule yule mmoja. Na kama kelele iko upande usiosikia, vifaa hivi huibeba kelele na kuileta mlangoni. Mtu mzima atakizima au atageuka. Mtoto wa miaka mitatu hajui kufanya hivyo.

Kinachodharauliwa ni maikrofoni ya mwalimu: mwalimu anaivaa shingoni, mtoto anapokea sauti yake moja kwa moja. Haihitaji upasuaji, na darasani inashinda karibu kila kitu kingine. Mtoto asiyefaa kupandikizwa anaweza kusoma vizuri kwa hiyo pamoja na kiti kilichochaguliwa kwa akili. Kiti cha mbele peke yake hakitoshi. Kinachotakiwa ni sikio zima lielekee darasa na lile jingine lielekee ukuta.

Hatua ya 6: Kaeni kama familia, mjiulize maswali magumu

Mtoto kiziwi wa masikio yote mawili, koklea ya kupandikizwa ndiyo njia yake ya kuifikia sauti. Wa sikio moja anayo njia tayari. Ataongea hata bila kifaa. Kwa hiyo mnachokipima ni nyongeza: kujua sauti inatoka wapi, kusikia vizuri penye kelele, kutochoka sana, na kuwa na akiba endapo sikio zima litapata shida siku za usoni. Hayo yote ni makubwa, lakini hayaji yenyewe.

Ulizaneni nani atampeleka kliniki mara kwa mara mwaka mzima wa kwanza. Nani atakaa naye nusu saa kila siku kwa mazoezi? Bibi, yaya, mwalimu wa chekechea, je, wanakubali kukivalisha? Sehemu ya nje ikiharibika, itatengenezwa wapi na kwa muda gani? Ukiona majibu yanababaika, ahirisheni kidogo, ila mkikumbuka hesabu ya hatua ya nne.

Mtoto mwenye umri wa kuelewa aulizwe naye. Sisemi aachiwe uamuzi wote. Lakini kijana aliyeburutwa hadi chumba cha upasuaji atakivua kifaa siku ya kwanza anayopata mwanya.

Jambo dogo la pembeni: acheni kuliita “sikio bovu” mbele yake. Liiteni la kushoto, au la kulia. Kesho mtataka alipende.

Hatua ya 7: Upasuaji

Chanjo kwanza. Wenye koklea ya kupandikizwa wako kwenye hatari kubwa kidogo ya homa ya uti wa mgongo, kwa hiyo chanjo za nimonia hukamilishwa mapema, wiki mbili au zaidi kabla ya siku yenyewe. Mtoto hupewa nusu kaputi, hupasuliwa nyuma ya sikio, na kazi huchukua saa mbili hadi tatu hivi. Wengi hurudi nyumbani siku hiyo au inayofuata.

Hatari zilizopo: kizunguzungu cha siku kadhaa, ladha kubadilika upande mmoja wa ulimi, kidonda kuingia wadudu, na mara chache sana kuumia kwa neva ya uso. Usikivu wowote mdogo uliokuwa umebaki kwenye sikio hilo unaweza kupotea. Na kuanzia siku hiyo, kila anayetaka kumpiga MRI lazima aambiwe kuna sumaku ndani ya kichwa. Wekeni kadi ya kifaa mahali ambapo hata jirani anaweza kuipata.

Hatua ya 8: Siku ya kuwasha

Kifaa huwashwa kidonda kikishapona, kwa kawaida wiki mbili hadi nne. Sahau zile video za mtoto anayefumbua macho na kulia kwa furaha. Wale mara nyingi ni viziwi wa masikio yote mawili. Wa sikio moja alikuwa anasikia chumba kizima hata kabla hamjaingia, kwa hiyo wengi hawafanyi chochote, au wanakunja uso. Wakubwa husimulia kwamba ni kama ndege wanalia, kengele, au katuni inaongea ndani ya maji. Sauti hiyo wanailinganisha papo hapo na sikio zima, na lazima wataona ni mbaya. Ni kawaida, na hubadilika kwa miezi.

Mtaalamu wa usikivu ataanza na viwango vya chini, akiweka kila elektrodi kiasi chake. Mpangilio huo huitwa ramani. Mtarudi mara nyingi mwanzoni ili ramani ipandishwe taratibu.

Hatua ya 9: Mazoezi ya sikio jipya peke yake

Nikiambiwa nichague hatua moja ya kuipigia mstari mwekundu, ni hii. Mtoto anaweza kukivaa kifaa kutwa na sikio zima likafanya kazi yote. Ukimwambia “leta kiatu” akaleta, hujajua chochote.

Watu hujaribu kuziba sikio zima kwa pamba au kizibo. Haitoshi: kizibo kizuri hupunguza desibeli 20 au 30 tu, na mazungumzo ya kawaida bado yanapenya. Njia safi ni kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kifaa kutoka kwenye simu au tableti, kwa bluetooth au kwa waya wake, sauti isitoke kabisa chumbani. Wewe mwenyewe husikii kitu. Mtoto anasikia kwa koklea tu. Inaonekana ajabu mwanzoni, kukaa na mtoto anayecheka hadithi usiyoisikia.

Anza kwa dakika chache, mfike nusu saa kwa siku. Mpangilio wake ni huu.

Mwanzoni ni kujua ipo au haipo. Rekodi sauti yako kwenye simu ukitamka moja moja: a, u, i, m, s, sh. Sauti hizi sita zilichaguliwa na Daniel Ling kwa sababu zimetapakaa kuanzia sauti nene za chini hadi nyembamba za juu kabisa, na bahati nzuri zote sita tunazo kwenye Kiswahili kama zilivyo. Akisikia, atupe mpira kwenye ndoo. Zitumie kila asubuhi kama kipimo cha kifaa: akikosa “s” aliyokuwa anaipata jana, usianze na mtoto, anza na betri na waya.

Akishazoea, mpe maneno yanayotofautiana kwa urefu. Weka picha tatu mezani: ua, samaki, kipepeo. Lugha yetu inasaidia sana hapa, kwa sababu silabi zinahesabika wazi. Hata asiyesikia herufi anaweza kuhesabu mapigo. Halafu yawe sawa kwa urefu lakini tofauti kwa irabu: simu na sumu. Mwisho kabisa konsonanti: paka, taka, kaka; bata na pata. Hapo msikimbizane. Mtoto anaweza kukaa mwezi mzima kwenye paka na kaka huku kila kitu kingine kikiendelea vizuri.

Baadaye ni hadithi fupi anazozijua kwa moyo, kisha asizozijua. Mkubwa anayesoma anaweza kufuata maandishi kwa kidole huku anasikiliza.

Mazoezi ya kujua sauti inatoka wapi hufanywa masikio yote mawili yakiwa wazi: ficha simu inayolia chumbani, aitafute. Itachukua muda. Siku atakapogeuka upande sahihi bila kuhangaisha macho, utaona mwenyewe.

Hatua ya 10: Soma saa, usisome ahadi

Kifaa huweka kumbukumbu ya saa kinazovaliwa kwa siku. Mtaalamu ataisoma kwenye kompyuta, na hakuna mzazi wala mtoto anayeweza kuibishia. Lengo ni muda wote akiwa macho. Ukiona saa mbili kwa siku, usimgombeze, tafuta kinachomkera. Mara nyingi ni vitu vya kawaida: sumaku ina nguvu mno na ngozi chini yake imekuwa nyekundu, sauti imepandishwa haraka, waya umekatika ndani hivyo sauti inakuja na kupotea, jasho limeingia kwenye maikrofoni. Ngozi ikiwa nyekundu, mwombe mtaalamu abadilishe sumaku kwa iliyo dhaifu, usisubiri kidonda. Kama vyote viko sawa na bado hataki, hasa kijana, huenda ni aibu mbele ya wenzake, na hapo kukutanishwa na kijana mwingine mwenye kifaa hufaa kuliko mawaidha.

Wapo pia watakaofanya yote haya na mwisho wakaamua sikio moja linawatosha. Kifaa kikikaa ndani bila kutumika, hakimdhuru. Msimwone mtoto ameshindwa.

Betri zile ndogo za duara ziwekwe mbali na watoto wadogo. Mtoto akimeza moja, hospitali dakika hiyo, bila kusubiri kuona kama itatoka.

Hatua ya 11: Msilisahau sikio zima

Koklea ya kupandikizwa hailigeuzi sikio zima kuwa la akiba. Bado ndilo litakalobeba kazi kubwa maisha yote. Lipimwe kila miezi sita, na kwa wenye CMV au mfereji mpana mara nyingi zaidi, kila miezi mitatu hivi. Likitoa usaha, litibiwe mara moja. Hedifoni kwa sauti ya chini, na kwenye spika kubwa za sherehe akae mbali.

Mwambieni mwalimu, bibi, na yeyote anayekaa naye kwamba siku mtoto akianza ghafla kusema “eeh?” kwa kila kitu, au akaongeza sauti ya televisheni bila sababu, asisubiri kliniki ya mwezi ujao. Usikivu unaopotea ghafla kwenye sikio pekee lililo zima ni dharura: aonwe na daktari wa masikio siku hiyo hiyo, na kadi ya kifaa na majibu ya mwisho ya vipimo viende naye.